Faili Lenye Pembe Iliyokunjwa

Masjala ya hospitali
4 Februari

Kamusi, mdogo wangu,

Salamu nyingi. Naandika saa ya chakula cha mchana, karatasi nimeiweka juu ya rundo la mafaili, kwa hiyo mwandiko ukipanda na kushuka usinicheke. Ningekupigia simu, lakini shule yenu na simu ni kama paka na maji. Mama Mkubwa hajambo, isipokuwa macho. Nitafika huko.

Hospitali imeajiri karani asiye na mwili. Ni programu ya akili bandia. Unaiambia, "Mtafutie mgonjwa huyu tarehe," nayo inafanya yenyewe mpaka mwisho, haingoji kushikwa mkono. Humu ndani tumeipa jina la Karani Mpya. Mzee wa mlangoni anaisalimia kila asubuhi: "Karani Mpya, umeamkaje? Chai umekunywa?" Tunacheka mpaka Mkuu wa masjala anatoka ofisini kwake.

Sasa huyu karani anapewa zana. Moja ya kutafuta faili, moja ya kutuma ujumbe, moja ya kupanga tarehe, jumla kumi na moja. Kila zana lazima iandikiwe maelezo, kwa sababu anachokijua kuhusu zana ni yale maelezo tu. Anayasoma, halafu anaamua ashike ipi. Fundi aliyemleta alituambia, "Andikeni kama mnamwelekeza mtu mwerevu sana aliyeanza kazi leo asubuhi, tena ambaye hatamuuliza mtu swali." Mkuu akanigeukia. "Wewe una miaka sita humu, mafaili unayajua kwa harufu. Andika wewe."

Unanijua mimi na kalamu. Nilitoa hivi:

FUNGA FAILI: Hii ni ya kufunga faili.

Fundi alisoma, akafuta miwani, akasoma tena. Akanirudishia karatasi. Afadhali angenitukana.

Ndiyo maana nakuandikia wewe, unayesoma kamusi kama wenzako wanavyosoma barua za mapenzi. Orodha ya zana iko kwenye karatasi ya pili. Nisaidie, ila iwe siri yetu. Mkuu anadhani nina kipaji kilichojificha.

Kuhusu Mama Mkubwa. Daktari wa macho amesema jicho la kushoto limekwisha, presha ya jicho imelimaliza. La kulia bado linaona, lakini kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na linachopoteza halikipati tena. Upasuaji hautarudisha kilichopotea, utazuia tu kilichobaki kisiondoke. Amesema ufanyike kabla ya Mei kwisha. Mama ni namba 62 kwenye foleni, na wanafanyiwa watano kwa wiki. Nimehesabu: mwanzoni mwa Mei atakuwa ameingia. Bado anashona sare. Uzi anautunga kwa ulimi na vidole.

Kaka yako


Maktaba ya shule
11 Februari

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa ajili ya mzee wa mlangoni.

Nitakusaidia kwa moyo wote. Wiki iliyopita mwalimu aliuliza swali nililolijua, nikatazama viatu vyangu mpaka mwingine akajibu, tena akakosea. Mbele za watu ulimi wangu unaganda. Lakini kumwandikia mtu nisiyemwona, hilo naliweza.

Nimefikiri hivi. Msomaji wetu haijui hospitali, na hawezi kunyanyua kichwa akauliza. Basi kila maelezo lazima yamwambie zana inafanya nini, aishike wakati gani, aiache wakati gani, na ikimaliza itamrudishia nini. Nimejaribu moja:

TAFUTA FAILI. Hutafuta faili la mgonjwa kwa namba ya kadi, au kwa jina kamili pamoja na mwaka wa kuzaliwa. Itumie kabla ya zana nyingine yoyote. Lisipopatikana itajibu "halipo"; usichukue faili la mtu mwingine kwa kukisia.

Sentensi ya mwisho naipenda sana. Niliwahi kumwona mgonjwa wa watu akipewa dawa za mtu mwenye jina kama lake.

Sasa nina maswali. Ukifunga faili, linafunguka tena? Linafungwa kwa sababu zipi? Na mtu asiye na simu, kama Mama tangu simu yake ilipotumbukia kwenye ndoo ya kufulia, anapataje ujumbe? Nijibu kwa kirefu kaka. Usiniandikie "kawaida tu."

Mdogo wako


Masjala
18 Februari

Kamusi,

Ile TAFUTA FAILI nilimwonyesha Fundi. Akaniuliza kama nimesomea uandishi. Nikakohoa.

Faili likifungwa, mgonjwa ametoka kwenye foleni. Likifunguliwa, anaanzia mkiani. Tunamfunga aliyefariki, aliyehama, na yule aliyetumiwa ujumbe wa kuthibitisha kama bado anahitaji matibabu, kisha wiki mbili zikapita kimya.

Wasio na simu tuna mtindo wao. Karani aliyenifundisha kazi alikuwa anakunja pembe ya juu ya faili. Ukiona pembe imekunjwa, ujue huyu hapigiwi wala hatumiwi kitu, huja mwenyewe dirishani kila Jumatatu, na hafungwi hata akikaa kimya. Haijaandikwa popote. Ukiajiriwa masjala, siku ya kwanza unaonyeshwa choo kilipo, siku ya pili unaonyeshwa pembe. Mafaili yalipoingizwa kwenye kompyuta, pembe hazikuingia. Ziliingia namba za simu tu, hata zile zilizokufa. Kwa hiyo sisi makarani tuliketi siku nne, kila faili la pembe tukaandika kwenye sehemu ya maoni: "huja mwenyewe." La Mama nimeliandika mimi kwa mkono wangu.

Namba yangu siruhusiwi kuiweka kwenye faili lake. Ni marufuku karani kufanya hivyo, tangu yule mwenzetu aliyewasogeza mbele mashemeji zake watatu kwa wiki moja. Ya jirani Mama hataki. Anasema jirani akiujua ugonjwa wako anautia chumvi.

Mkuu ametoa sharti: kila maelezo yasizidi mistari mitatu. Visanduku vya kuandikia ni vidogo.

Kaka yako


Maktaba ya shule
26 Februari

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Zote kumi na moja hizi hapa, nimezinakili kwa mwandiko safi. Nilizifanya saa za michezo, wenzangu wakadhani naumwa.

Ile ya kufunga ndiyo iliyonitesa. Nimeiacha hivi:

FUNGA FAILI. Hufunga faili la mgonjwa aliyefariki, aliyehama, au ambaye hajajibu ujumbe wa uthibitisho kwa siku kumi na nne. Mgonjwa hutoka kwenye foleni na nafasi yake hairudi.

Mwanzoni nilikuwa nimeongeza sentensi ya pembe iliyokunjwa palepale. Nikaifuta. Inahusu zana nne, na nikiirudia mara nne inasomeka kama kitabu cha darasa la kwanza, halafu mistari mitatu inapita. Mwalimu wetu wa Kiswahili husema neno lisilo na kazi litoke. Kwa hiyo nimeandika Utangulizi, nusu ukurasa, nao uje kabla ya zana zote:

Baadhi ya wagonjwa hawana simu. Kwenye maoni ya faili lao imeandikwa "huja mwenyewe." Kimya cha watu hawa si jibu, kwa kuwa ujumbe haukuwafikia. Soma maoni kabla ya kushika zana yoyote.

Kwenye vitabu mwandishi hasemi jambo zito kila sura. Analisema mwanzoni, na msomaji mzuri analibeba mpaka mwisho. Naamini Karani Mpya ni msomaji mzuri.

Nimefurahi kuliko nilivyofurahi kwa insha yoyote. Mpe Mama shikamoo yangu.

Mdogo wako


Masjala
7 Machi

Kamusi wangu,

Umenitoa kimasomaso! Nimeziingiza zote kumi na moja, moja baada ya moja, herufi kwa herufi. Fundi alinipa mkono. Mkuu alizisoma kwa sauti kwenye kikao, akasema, "Hivi ndivyo mtu anavyoandika," na mimi nikatazama dari kama mtakatifu.

Sasa mimi ni msimamizi wa Karani Mpya. Nina meza yangu, na meza ina droo yenye ufunguo. Wenzangu wananiita Bosi wa Hewa.

Dirisha la Jumatatu limefungwa, wamelipiga ubao. Mambo yote sasa ni kwa ujumbe. Nimemwambia Mama asijichoshe tena kupanga foleni juani, mimi niko humo humo ndani, namba yake ikifika nitakuwa wa kwanza kuijua. Alifurahi. Akasema, "Basi Jumatatu zangu nimepata za kushonea."

Bosi wa Hewa


Maktaba ya shule
15 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo, na hongera. Nimewaambia wasichana wawili chumbani kwamba kaka yangu ana droo yenye ufunguo.

Fundi aliusemaje Utangulizi? Hukuniambia. Na dirisha likipigwa ubao, wale wa pembe iliyokunjwa watakuja wapi?

Tuna mtihani wiki ijayo, kwa hiyo nitakuwa kimya kidogo.

Mdogo wako


Masjala
3 Aprili

Kamusi,

Mtihani umekwendaje? Nakutumia kalamu tatu, zile za wino mwepesi unazozipenda.

Huku ni shangwe. Tarehe 10 Machi Karani Mpya alituma ujumbe wa uthibitisho kwa kila mgonjwa aliye kwenye foleni. Kwa mwezi mmoja tu foleni zote zimeshuka kutoka watu mia tisa hadi chini ya mia saba. Mkuu amepeleka takwimu juu, na wageni walikuja kutazama. Mmoja aliniuliza siri yetu ni nini. Nikasema, maelezo mazuri.

Utangulizi? Usijali, kila kitu kiko mahali pake. Namba ya Mama inasogea.

Soma sana.

Kaka yako


Maktaba ya shule
10 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Kalamu zimefika, asante.

Nimeisoma barua yako na kuna kitu hakikai sawa. Daktari wa macho anafanyia watano kwa wiki, ulisema mwenyewe. Hata wa idara nyingine wakiwa wepesi mara mbili yake, watu zaidi ya mia mbili hawawezi kuwa wametibiwa kwa mwezi mmoja, na hukuniambia kwamba madaktari wameongezeka. Hao watu wamekwenda wapi?

Utangulizi uliuweka wapi hasa? Nitajie mahali.

Na Mama ni namba ngapi leo? Usiniandikie barua ndefu. Niandikie namba tu, hata kwenye kipande cha karatasi.

Mdogo wako


Maktaba ya shule
28 Aprili

Kaka,

Hujajibu. Jana nilikwenda kwa mlezi wa bweni kuomba simu ya ofisi. Unajua inanigharimu nini kugonga mlango kama ule. Nilisimama nje mpaka miguu ikafa ganzi. Alinipa. Iliita mara nane, hukuipokea. Mlezi akasema, "Huenda ana kazi." Nikasema asante, nikatoka.

Namba?

Mdogo wako


Nyumbani
12 Mei

Mwanangu,

Anayeandika ni kaka yako, anayesema ni mimi. Nimemwambia aandike kama maneno yanavyotoka mdomoni.

Mimi mzima. Jumatatu nilichoka kungoja. Mei imeingia, nikajisemea, hao watu wamenisahau. Nikaenda na mteja wangu mmoja wa sare, akanishika kiwiko. Tukakuta dirisha limepigwa ubao. Nikaupiga hodi ule ubao kama mwendawazimu. Mzee wa mlangoni akaniona, akaniketisha kwenye benchi, na benchini tulikuwa tisa. Wote hatuna simu. Mmoja ana goti, mmoja ana ngiri anatembea ameishika kwa mkono, hao wengine sikuwauliza. Mzee akaingia ndani, akatoka na karatasi, kila mtu yake. Yangu akanisomea: "Faili limefungwa. Mgonjwa hakujibu."

Nikamwambia, mbona mimi hakuna aliyeniuliza?

Yule mwenye goti akaniambia, "Wewe unahangaika nini mama, si una mtoto humo ndani?" Nikaona haya.

Kaka yako aliporudi nikamuuliza: wewe uko humo, mbona hukuliona? Hapa ameshika kalamu, haandiki. Andika. Haya, ameandika. Anasema ni mashine imekosea. Mimi mashine naijua, nimekaa na cherehani miaka thelathini. Ikiruka mshono, namtafuta aliyeitia sindano.

Sare ya mtoto wa mwalimu mkuu nimeikata mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Wamecheka, nikacheka nao. Kisha nikaingia ndani.

Hali chakula, huyu. Muulize wewe ana nini. Wewe huwa anakwambia.

Mama yako Mkubwa
(na kidole gumba)


Masjala
13 Mei

Mdogo wangu,

Ile barua ya jana niliiandika neno kwa neno. Sijawahi kuandika barua ndefu kama ile.

Hakukuwa na kisanduku cha Utangulizi. Kulikuwa na visanduku kumi na moja, kimoja kwa kila zana, basi. Niliutafutia mahali, sikupaona. Niliona aibu kumuuliza Fundi, kwa sababu angeniuliza niliufikiriaje, na mimi sikuufikiria, uliufikiria wewe. Nikasema moyoni, maneno yenyewe yamo kwenye zana, huu ni urembo. Uko kwenye droo yangu. Umekunjwa vizuri.

Tarehe 24 Machi, siku kumi na nne zilipotimia, Karani Mpya alifunga mafaili mia mbili na kumi na nne. Niliyaona tarehe 26. Niliita faili la Mama, nikaona "limefungwa." Siku nilipokuandikia "inasogea" nilikuwa nimeshaliona.

Nilimuuliza Karani Mpya kwa nini. Akajibu kwa adabu kabisa kwamba maelezo ya zana yanaruhusu kufunga faili baada ya siku kumi na nne bila jibu. Nikamuuliza, na maoni hukuyasoma? Akasema hakuna maelezo yaliyomtaka ayasome.

Utasema, mbona hukumrudisha Mama palepale? Kumrudisha mtu kwenye nafasi yake kunataka fomu yenye sababu na saini ya Mkuu. Ni kwa ajili ya wale mashemeji. Sababu yenyewe ni hii ninayokuandikia, na ikiandikwa kwa mmoja imeandikwa kwa wote mia mbili na kumi na nne. Takwimu zilikuwa zimeshakwenda juu. Nilingoja Mkuu aende likizo, nimpenyeze Mama kwa saini ya msaidizi wake. Likizo ikasogezwa. Nikangoja tena. Kila asubuhi nilikuwa nasema, leo.

Lakini na wewe, Kamusi. Sentensi ile ilikuwa palepale penye zana, ukaifuta wewe kwa sababu haikupendeza. Mimi ningeinakili hata kama ingekuwa mbaya kama sura yangu. Mimi ninanakili tu.

Niandikie maelezo mapya, nitayaweka. Na Mama usimwambie. Akijua ni mashine atalia mara moja. Akijua ni sisi, atalia kila atakapotusikia tunaingia.

Kaka yako


Maktaba ya shule
19 Mei

Kaka,

Haya:

FUNGA FAILI. Hufunga faili na kumtoa mgonjwa kwenye foleni. Nafasi yake hairudi. Kabla ya kuitumia soma sehemu ya maoni. Ikiwa imeandikwa "huja mwenyewe," usiitumie, hata kama hajajibu: mtu huyu hana simu na ujumbe wako hakuupata. Ukiwa na shaka, usifunge, mwite karani.

Zile zana nyingine tatu nimezirudishia onyo lilelile, maneno yaleyale, bila kubadilisha hata moja. Linachosha kusoma. Mistari ni mitano, Mkuu aongeze kisanduku.

Ni kweli niliifuta. Nimekaa na hilo siku tano na sina pa kulitupa. Nilikuwa namwandikia mtu kama mimi, mtu anayeanza kitabu ukurasa wa kwanza. Sikukuuliza kama huyu msomaji anapewa ukurasa wa kwanza. Nilikuuliza kuhusu kila kitu, hilo sikuliuliza.

Lakini mimi sikujua, kaka. Wewe ulijua tarehe 26 Machi. Ulininunulia kalamu.

Ipeleke ile fomu leo. Usingoje likizo ya mtu. Andika sababu yote, andika kwamba maelezo yaliandikwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu, sijali. Na daktari wa macho mwendee mwenyewe, mgongee mlango. Kama mimi niligonga wa mlezi, wewe unaweza kugonga wa daktari.

Mdogo wako


Masjala
16 Juni

Mdogo wangu,

Fomu niliipeleka tarehe 27 Mei. Najua uliniambia niipeleke siku ileile. Mkuu aliisoma amesimama, akasema, "Unataka kuniambia takwimu zangu ni za watu waliofutwa?" Nikasema ndiyo. Akaiweka chini ya nyingine. Nilikwenda kwa daktari tarehe 9 Juni. Alikubali kumwona Mama tarehe 11, kabla ya wagonjwa wake wengine.

Bomba limeziba. Anaujua mwanga wa dirisha, anajua mtu akipita mbele yake. Mkono wake mwenyewe hauoni. Daktari alitazama karatasi, akauliza faili lilifungwa lini na nani alijua lini. Nikamwambia. Akasema kama Mama angeletwa mwezi Aprili angempasua, sasa hakuna cha kuokoa. Hakunigombeza. Alinawa mikono na kuita mgonjwa mwingine. Mama alikuwa nje, hakusikia. Nilimwambia Mama kwamba daktari amesema ugonjwa ulikuwa na kasi.

Maelezo yako mapya yamewekwa. Fundi aliongeza ukubwa wa kisanduku kwa dakika kumi, tena alisema siku zote kingeweza kuongezwa, hakuna aliyemuuliza. Wale mia mbili na kumi na tatu wanafunguliwa mafaili, ila wote mkiani, Mkuu amekataa kuwagusa waliosogea mbele yao. Mimi bado ni msimamizi. Nilidhani watanitoa. Wamesema hakuna mwingine anayemwelewa Karani Mpya.

Mama ameacha kushona. Cherehani ameifunika shuka. Anakuulizia. Anataka barua yako, anasema ukiandika anakusikia unavyoongea, kwa sababu ukiwa hapa huongei. Mwandikie kitu kizuri, nitamsomea jioni akishakula. Mwambie ni mashine, itamtuliza kusikia kutoka kwako. Anakuamini wewe zaidi yangu.

Kaka yako


Maktaba ya shule
22 Juni

Kaka,

Nimemwandikia Mama mara sita. Ya kwanza ilikuwa nzuri. Nilipoirudia nikaona nimetafuta maneno mpaka kosa langu limekuwa kama la mtu mwingine, nikaichana. Ya sita ni mistari minne na haina urembo wowote. Hiyo ndiyo ya kweli.

Sitaituma. Atakayeisoma ni wewe, na sijui ungesoma mistari mingapi. Sikuandikii hivi kukuumiza. Nimezipanga barua zako zote kitandani kwa tarehe, na nimeona kwamba kila iliponijia barua ndefu yenye vichekesho, kuna kitu kilikuwa kimeachwa nje. Hata mimi nilikuwa naviona vichekesho kwanza.

Shule inafungwa Ijumaa. Jumamosi nitakuwa nyumbani. Nitakaa karibu naye na nitamwambia kwa mdomo, mwenyewe, kwamba nilikuwa nimeandika sentensi ya kumlinda nikaifuta kwa sababu ilikuwa inajirudia. Nimeanza kuisema peke yangu nyuma ya maktaba. Mara mbili sauti imekataa. Mara ya tatu imetoka.

Kisha ataniuliza tulijua lini. Unamjua, lazima ataliuliza. Hapo nitanyamaza kidogo, nihesabu mpaka kumi, ili useme wewe. Nikifika kumi hujasema, nitamtajia tarehe.

Mdogo wako